Misalaba ya mawe ya Cumbria na Ruthwell, siku kwa siku

Nimerudi Newcastle wiki iliyopita, simu imejaa picha na kidaftari changu nusu kimelowa, kwa hiyo naandika kabla sijaanza kuchanganya kanisa hili na lile. Kwa msiojua: huku kaskazini mwa Uingereza na ng'ambo ya mpaka kule Uskoti kuna misalaba ya mawe iliyochongwa kati ya mwishoni mwa miaka ya 600 na miaka ya 900, mingine inazidi mita nne, na mingi haijawekwa makumbusho. Imesimama tu kwenye makaburi ya makanisa ya vijijini, kondoo wanakula majani upande wa pili wa ukuta. Hakuna tiketi, hakuna mlinzi, mara nyingi hakuna mtu kabisa.

Mimi ni Mwislamu, najua kuna watakaoniuliza. Kabla ya kuja huku nilikuwa natembeza wageni Kaole, pale magofuni Bagamoyo, makaburi ya matumbawe yenye minara ndiyo yaliyonilisha miaka mingi, kwa hiyo jiwe la kale lenye nakshi nikiliona naenda, awe amelichonga nani. Shemeji yangu yeye ni Mkatoliki na anaishi Carlisle, ndiye aliyenipa godoro na gari. Kwenye simu aliniambia, "Shem, yaani unapanda treni kuja kuangalia makaburi ya watu usiowajua?" Nikamwambia ndiyo, na wewe utanipeleka.

ALHAMISI: Newcastle hadi Carlisle

Treni saa moja na nusu hivi ukienda vizuri, sisi tulikaa njiani zaidi ya hapo kwa sababu ya mambo ya taa za reli, hamna cha kusimulia. Shem alinipokea stesheni akanipeleka moja kwa moja nyumbani kula ugali na maharage ya nazi, unga kaununua duka la Waafrika akienda mji mwingine maana anasema Carlisle unga mzuri ni wa kuvizia. Anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, zamu zake zinapinda pinda, tukapanga: Ijumaa naenda mwenyewe kwa treni, Jumamosi na Jumatatu ananiendesha.

IJUMAA: Seascale, Gosforth, Irton, na kidogo Aspatria

Hii ndiyo siku niliyotembea sana kwa miguu.

Treni ya njia ya pwani kutoka Carlisle hadi Seascale inachukua karibu saa mbili. Kidokezo cha kwanza kwa mtakaofuata: msikate tiketi ya kwenda na kurudi tu, ulizeni ile ya siku nzima ya pwani ya Cumbria, unapanda na kushuka utakavyo, mimi ilinitoka paundi ishirini na kitu na kwa siku yangu ilinifaa. Kaeni upande wa kulia mkienda, ukishapita St Bees reli inashuka mpaka ufukweni kabisa, kuna vibanda vya mbao chini yake na unajiuliza bahari ikichafuka hawa watu wanafanyaje. Sellafield, kile kiwanda kikubwa cha nyuklia, wakashuka wafanyakazi karibu behewa zima na vitambulisho shingoni, tukabaki mimi na kijana mmoja mwenye baiskeli.

Seascale hakuna teksi inayokusubiri. Hadi Gosforth ni kilomita nne hivi, nikatembea, mvua ikaanza nikiwa sijafika hata nusu, ile mvua ya huku isiyonyesha wala kukata, inakulowesha kimyakimya mpaka ukishtuka soksi zimelowa.

Kanisa la St Mary liko mwisho wa kijiji. Unaingia getini na msalaba huo hapo, mwembamba, mrefu, wa jiwe jekundu la mchanga, mita 4.4. Picha zinaudanganya, nilidhani ni mnene, kumbe mwembamba kiasi kwamba unashangaa umesimamaje tangu miaka ya 900 kwenye upepo wa bahari hii. Chini ni wa mviringo, ukipanda juu unageuka wa pembe nne, na hapo kwenye pande nne ndipo pana hadithi.

Sasa hadithi zenyewe ndizo zilizonileta. Waviking, wale mabaharia wa Skandinavia, walishahamia pwani hii, wanaoa, wanalima, wanaanza kuingia Ukristo, na mchongaji akaweka vyote viwili kwenye jiwe moja. Upande mmoja yuko Yesu kanyoosha mikono, chini yake mtu mwenye mkuki, na mwanamke aliyevaa kabisa mavazi ya Kiviking, kajifunga nywele nyuma. Zunguka upande mwingine unamkuta Loki, yule mjanja wa miungu ya zamani, amefungwa kamba, na mkewe Sigyn ameshika bakuli anakinga sumu ya nyoka isimdondokee mumewe. Kwingine kuna Vidar anamchana taya yule mbwa mwitu wa mwisho wa dunia. Wataalamu wanabishana mpaka leo, je, alitaka kusema miungu ya zamani imeshindwa, au alitaka kuwaeleza watu habari mpya kwa hadithi walizozijua tayari? Mimi nimesimama pale nikizunguka karibu saa nzima na naegemea hilo la pili. Mtu anayechukia hadithi za bibi yake hamchongi Sigyn kwa huruma namna ile.

Nikiwa nimeinama na simu, mama mmoja mtu mzima akatoka kanisani na mkasi wa maua akaniambia ingia ndani unywe chai utaugua. Alikuwa na chupa ya chai na biskuti za tangawizi. Akaniwashia taa, akanionyesha mawe mawili ya makaburi yenye umbo la paa la nyumba, ya Waviking hao hao, yaliyokutwa chini ya msingi wakati kanisa linapanuliwa mwaka 1896 na 1897. Maana yake miaka mia saba na zaidi ukuta wa kanisa ulikuwa umeyakalia. Kuna pia kipande cha jiwe cha Thor, mungu wao wa radi, akivua samaki, na kengele ya Kichina iliyotekwa mwaka 1841 kwenye ngome ya mto wa Canton, iko tu pale, kijijini Cumbria, na nje kuna mti wa koki, ule wa vizibo vya chupa, wa mwaka 1833. Kanisa dogo lina mambo kuliko makumbusho ya wilaya.

Yule mama ndiye aliyenifundisha kitu kimoja ambacho nawapeni bure: msipige picha jua likiwa utosini au mwanga ukitokea mbele ya jiwe. Njooni asubuhi mapema au jioni, au siku ya mawingu leteni tochi kali na muiwashe kutokea pembeni, michongo iliyokuwa haionekani inainuka yenyewe. Alichukua tochi yake akaniwashia Loki pembeni na aisee, kamba zikaonekana moja moja.

Nilimuuliza kwa nini hawauingizi ndani, maana mvua ilikuwa inatiririka usoni kwa Yesu na Loki sawasawa. Akasema wazo hilo si geni lakini ukiuchomoa pale unaweza kuuvunja, na pia, kwa maneno yake, utakuwa umechomoa na kijiji. Kuna nakala ya plasta kwenye makumbusho ya V&A, London, iliyotolewa mwaka 1882, kwa hiyo hata ukizidi kulika kuna kumbukumbu ya ulivyokuwa wakati huo. Nikaweka paundi tano kwenye kisanduku. Siku hizi kuna mpaka kimashine cha kadi, msiseme hamna chenji.

Duka la mikate la kijijini lina mikate ya soseji inayonukia mtaa mzima lakini yote nguruwe, nikaomba ya yai, nikapata, paundi nne na kahawa.

Kutoka Gosforth hadi kanisa la St Paul, Irton, ni mwendo wa saa moja na ushee kwa barabara nyembamba isiyo na njia ya miguu, vaeni kitu cha rangi kali. Kanisa liko peke yake mashambani, nyuma yake milima ya Wasdale, na wakati nafika mvua ikakata na mawingu yakafunguka, nikajikuta nimesahau kulalamika. Msalaba wa Irton ni mfupi, mita tatu hivi, wa zamani zaidi, mwanzoni mwa miaka ya 800 kabla Waviking hawajahamia, na uko mzima mpaka kichwa chake, jambo adimu sana. Hauna hadithi yoyote. Ni nakshi tupu, mistari inayopita juu na chini ya mwenzake kama ukili, haina mwanzo wala mwisho, na ukijaribu kuufuata uzi mmoja kwa kidole (hewani jamani, msiguse jiwe) unarudi ulikotoka. Wa zamani waliandika kwamba kulikuwa na herufi za runi (maandishi ya kale ya kaskazini mwa Ulaya) juu yake, leo hazisomeki tena, zimekwenda na mvua. Hapo ndipo lile swali la ndani au nje likaanza kunisumbua kweli, maana Gosforth unaona mvua inanyesha, Irton unaona mvua imefanya nini.

Nikiwa natoka getini likasimama gari la shamba, mume na mke na mbwa, wakaniuliza unaelekea wapi, nikasema stesheni ya Drigg. Panda. Mbwa akanilalia mapajani njia nzima. Nilijaribu kutoa hela ya mafuta yule mzee akacheka akasema siku nyingine ukimkuta mtu njiani na wewe mpakie.

Jambo la kukumbuka: baadhi ya vituo vidogo vya njia hii ni vya kuomba, ukikaa kwenye benchi unachezea simu treni inakupita, simama mahali dereva akuone na upunge mkono.

Wakati wa kurudi nikashuka Aspatria. Kule kwenye makaburi ya St Kentigern kuna nakala kamili ya msalaba wa Gosforth, ya jiwe, aliyoichonga mchungaji wa hapo William Slater Calverley mwaka 1887. Huyu alikuwa mmoja wa waliousafisha ule wa Gosforth ukoga na kugundua kwamba zile picha ni za Loki na wenzake, kisha akaona dawa ni kuchonga mwingine. Sasa na nakala yenyewe imezeeka, imeota utando wa kijivu, mtu asiyejua utamdanganya. Treni iliyofuata ilikuwa baada ya saa nzima, nikala chipsi na chumvi kwenye kituo cha basi.

JUMAMOSI: Bewcastle

Huku hakuna basi la maana, kama huna gari kodi au tafuta shemeji. Ni kilomita thelathini na kidogo kutoka Carlisle lakini hesabu saa nzima, kwa sababu baada ya Brampton barabara inakuwa ya gari moja, ukikutana na trekta mmoja anarudi nyuma mpaka kwenye kichochoro, na kondoo wanalala kwenye lami kama wamelipia. Mtandao unakata, pakueni ramani kabla. Petroli jazeni Brampton, Bewcastle hakuna duka, hakuna chai, hakuna kitu. Shem alikuwa amebeba chapati na mayai ya kuchemsha kwa busara yake mwenyewe.

Bewcastle ni tabaka juu ya tabaka. Warumi walijenga ngome pale, mbele ya ukuta wa Hadrian, ule waliojenga kulinda mpaka wao wa kaskazini, wakaiita Fanum Cocidi, yaani mahali patakatifu pa mungu wao Cocidius. Ngome ikafa. Baadaye Waingereza wa kale wakasimamisha msalaba ndani ya ngome iliyokufa. Baadaye tena likajengwa boma kwa mawe ya Warumi, nalo likabomoka. Kanisa la St Cuthbert liko hapo hapo, na ng'ombe wanalisha juu ya mitaro. Kwa karne kadhaa mpaka huu ulikuwa wa wezi wa mifugo, Waskoti wanaiba huku, hawa wanaiba kule, na wenyeji wana utani kwamba ukisoma mawe ya makaburi ya zamani utaona wanawake wengi kuliko wanaume, kwa kuwa wanaume walizikwa Carlisle, walikonyongewa. Shem alicheka mpaka akakaa chini.

Msalaba hauna kichwa. Nguzo iliyobaki ni kama mita nne na nusu. Kichwa kilipotea miaka ya 1600, na habari zilizopo zinasema kilipelekwa London kwa wasomi wakakichunguze, hakikurudi. (Sisi tunaotoka kwenye nchi ambazo vitu vyake "vilipelekwa kuchunguzwa" tunaujua huo wimbo.) Lakini nguzo iko mahali pale pale iliposimikwa, kwenye kitako chake, tangu mwishoni mwa miaka ya 600 au miaka ya 700. Hakuna aliyeihamisha. Kwangu mimi hiyo ndiyo thamani yake ya kwanza kabla hata ya nakshi, ukisimama pale umesimama mahali alipopachagua yule aliyeagiza kazi.

Upande wa magharibi kuna watu watatu, mmoja juu ya mwingine: Yohana Mbatizaji na mwanakondoo, Yesu amesimama juu ya wanyama wawili, na chini kabisa mwanamume na ndege mkononi. Huyo wa chini ndiye ugomvi, wengine wanasema ni Yohana Mwinjili na tai wake, wengine wanasema ni bwana mkubwa fulani na ndege wake wa kuwindia. Shem alisema ni bwana mkubwa, kwa sababu aliyetoa hela lazima awepo kwenye picha. Upande wa mashariki ni mzabibu mmoja mrefu toka chini mpaka juu, ndani yake ndege na wanyama wanakula matunda. Kuna maandishi ya runi pia, mengi yamelika, jina moja la mwanamke, Cyneburh, linasomeka upande wa kaskazini. Na upande wa kusini, katikati ya mzabibu, wamechonga saa ya jua, nusu duara yenye mistari na kitundu cha kuchomekea kijiti. Ndiyo saa ya jua ya zamani kuliko zote zilizobaki Uingereza. Tulichomeka kivuli cha kidole kwa mbali tuone, jua likatuzimia.

Pembeni ya kanisa kuna kibanda chenye maonyesho madogo, kiko wazi, hakuna mtu, taa unawasha mwenyewe. Anzeni huko ndipo mwende kwenye jiwe, mtaona mara mbili zaidi.

Njia nzima ya kurudi tulibishana. Yeye: jengeni paa, au chukueni ndani, kitu cha miaka 1,300 kinanyeshewa ni uzembe. Mimi nikamwambia pale Kaole nimeona matumbawe yanavyoliwa na upepo wa chumvi na bado sijawahi kutamani ile minara ihamishiwe Dar, kwa sababu kaburi bila mahali pake linakuwa jiwe tu. Akasema subiri Jumatatu.

JUMAPILI

Shem alikwenda misa, mimi nikalala. Mchana akanipeleka Burgh by Sands, dakika kumi na tano tu, si kwa ajili ya msalaba bali kibao. Miaka ya 200 Warumi waliweka hapo kikosi cha Wamoro kutoka Afrika Kaskazini kulinda mwisho wa ukuta. Jumuiya ya kwanza ya Waafrika Uingereza tunayoijua kwa maandishi iliishi kwenye kijiji hiki chenye upepo. Nikafikiria ile baridi yao bila hita. Jioni pilau.

JUMATATU: Ruthwell, Uskoti

Kutoka Carlisle unapita Gretna, Annan, halafu unaacha barabara kuu unaingia mashambani, chini ya saa moja. Kanisa limefungwa na ufunguo unatunzwa jirani, kwa hiyo andikeni au pigeni simu kabla hamjaondoka kwenu. Sisi tulipewa na bwana mmoja mpole sana ambaye hata hakutuuliza majina, alisema tu mkimaliza funga vizuri mlango unagoma, sukuma kwa goti.

Msalaba uko ndani. Na ni mkubwa, mita tano na nusu, kiasi kwamba wamechimba shimo kwenye sakafu ndipo ukaenea, unaanza kuutazama usawa wa kifua chake halafu unachungulia miguu yake chini. Mwaka 1887 walijenga kichumba cha nusu duara nyuma ya kanisa kwa ajili yake peke yake.

Mkasa wake ni huu. Ulichongwa miaka ya 700, ukakaa miaka mia tisa. Mwaka 1640 mkutano mkuu wa Kanisa la Uskoti ukapitisha amri ya kubomoa sanamu za kuabudia, na muda mfupi baadaye, 1642, ukaangushwa ukavunjwa vipande. Vipande vikabaki kanisani, watu wakivikalia wakati wa mahubiri, baadaye vikatupwa nje makaburini. Akaja mchungaji Henry Duncan, akaviokota kimoja kimoja, akavisimamisha kwenye bustani ya nyumba yake, na mwaka 1823 akaagiza mikono mipya maana ya asili haikupatikana. Kwa hiyo mkifika jueni ile mikono ni ya 1823, msiipigie picha mkidhani ni ya kale, na jiwe la juu kabisa lilirudishwa mgongo mbele. Bado liko hivyo.

Tulikuwa na tochi mbili. Mariamu Magdalena anamfuta Yesu miguu kwa nywele, mkono wake umechongwa mkubwa kupita kiasi, huwezi kuusahau. Kipofu anaponywa. Familia inakimbilia Misri. Halafu nikasoma kwenye karatasi ya maelezo kwamba wale wawili wanaomega mkate ni Watakatifu Paulo na Antonio, wakaa pweke wa jangwa la Misri. Yaani mwaka mia saba na kitu mtu amekaa kwenye ufukwe huu wa matope anachonga wazee wawili wa Afrika wanagawana mkate, na Kilatini pembeni kinasema waliumega jangwani. Nilimwita shem aje aone. Habari zao zilikuwa zimesafiri kwa mdomo na kwa vitabu mpaka huku kabla ya hata hao Waviking wa Gosforth kuzaliwa.

Kwenye kingo za nguzo ndipo kuna runi, na runi hizi ni shairi. Mti wa msalaba wenyewe ndio unaongea, unasema ulimbeba Mfalme, haukuthubutu kuinama, ukalowa damu. Shairi hilo hilo kwa urefu lilikuja kukutwa kwenye kitabu cha kale kilichohifadhiwa Vercelli, Italia, na hapo karne ya 19 ndipo wasomi wakaelewa jiwe la Ruthwell linasema nini. Nilimsomea shem tafsiri ya haraka haraka. Toka Alhamisi alikuwa ananitania, hapo akanyamaza, akachukua simu yake akaanza kupiga picha mwenyewe, ananiambia washa tochi, hapana, chini zaidi.

Basi mabishano. Ndani ya Ruthwell ni kweli unaona vizuri, mkavu, unaweza kukaa kwenye benchi na kuutazama. Lakini huu haukuwa na uchaguzi, ulishavunjwa, aliyeuingiza aliuokoa. Kumchomoa wa Bewcastle aliye mzima kwa sababu tu Ruthwell kunapendeza, hapana. Calverley alikuwa na akili, chonga nakala na uache wa asili ulipo, na siku hizi kuna kupiga picha za vipimo vya leza, hamna haja hata ya plasta. Shem bado anataka paa.

Ila kilichomteka kabisa kilikuwa kingine. Yule yule Henry Duncan, mwaka 1810, alianzisha hapo Ruthwell benki ya akiba ya watu maskini, ambayo ndiyo inahesabika kama mwanzo wa benki za akiba duniani. Benki za kawaida zilikuwa hazimpokei mtu mwenye chini ya paundi kumi, yeye akapokea peni sita. Shem ni mweka hazina wa kikoba cha Watanzania wa Carlisle na hajui mwenzake yeyote aliyewahi kusikia hili. Alisimama mlangoni anatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi, "Jamani niko kwa babu wa vikoba, na ambao hamjalipa mwezi huu anawaona." Wawili walilipa kabla hatujafika Annan.

Mlango uligoma. Tukasukuma kwa goti.

JUMANNE: Hexham, halafu nyumbani

Nilishuka Hexham kati ya treni mbili kuona msalaba wa Acca, askofu aliyekufa mwaka 740, uko ndani ya abasia, taa nzuri, maelezo safi, nakshi za mzabibu laini kuliko zote nilizoziona safari hii. Nilikaa nao dakika kumi. Chumba cha chini cha Wilfrid, askofu wa kale wa huku, cha miaka ya 670, kilichojengwa kwa mawe ya Kirumi, hicho kilinishika zaidi, ngazi ni kali na saa za kufunguliwa ni chache kwa hiyo ulizeni mlangoni mkifika tu.

Hela: treni zote pamoja na ile ya siku nzima sikufika paundi hamsini, mafuta ya shem nilimlazimisha achukue thelathini, sadaka za makanisa kama ishirini, chakula kidogo sana kwa sababu ya chapati. Mwenye muda mdogo aache vyote aende Bewcastle, na aende kabla ya majira ya baridi, ile barabara ikishika barafu hata watu wa pale hawaipendi. Mengi ya mawe haya yanalindwa na sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1979, kwa hiyo msisugue, msimwage maji ili picha itoke, msichukue chapa kwa karatasi na mkaa. Shem anauliza kama kuna mingine karibu na Carlisle anakoweza kwenda akitoka zamu ya usiku. Nimemwambia aanze na Dearham, iko njia ya Maryport, na anipigie akiwa na tochi mkononi.